Tembe Nilizoacha Wakwe Wakiwa Njiani

Sabato njema, wenyeji wa Nyanchwa, na ninyi wageni wetu mliotoka upande wa ziwa. Nitasema Kiswahili ili tusikizane sote. Kikipinda mahali mnisamehe, maana kwetu Sironga tunakitoa siku ya wageni tu, kama vikombe vya kabatini.

Mzee wa kanisa amenipa dakika ishirini. Mzee, ulikosea mtu, lakini nitajaribu.

Nimekuja kuwaambia jinsi nilivyotaka kujiua kwa ujuaji. Sikurogwa. Hospitali ilikuwepo na dawa ilikuwepo, tena ndani ya chumba changu cha kulala, ndani ya mkebe wa kakao, na kila asubuhi nilikuwa naipita nikienda kuosha uso. Mungu ni wa ajabu, ndugu zangu. Nikifikiria hadithi hii mimi mwenyewe nywele zinasimama, na mimi ndiye iliyonipata.

Ilianza kwa vidole. Mimi ni mtu wa kuchuma majani chai, na mchumaji bila vidole ni nini? Asubuhi naamka, vidole vimevimba, vimekataa kukunjika. Mume wangu, mzee mzima na mvi zake, akawa ananifunga vifungo vya blauzi kama mtoto wa nasari. Alikuwa anafunga vibaya, natembea siku nzima upande mmoja uko juu. Halafu magoti yakafuata, na homa, na wekundu fulani hapa mashavuni. Tukatibu malaria. Tukatibu taifodi. Tukatibu brusela, ule ugonjwa wa maziwa mabichi. Hata majani nilichemshiwa, nikayanywa mwezi mzima, machungu mpaka mbuzi angelia.

Mwishowe tukafika hospitali kubwa huko mjini Kisii, tukakutana na daktari msichana, mdogo kuliko kifunguamimba wangu. Alinipima damu, akanipima mkojo, akasema askari wa mwili wangu wamegeuka, badala ya kupiga adui wanapiga mwenye nyumba. Akaniandikia tembe. Ndogo, nyeupe, ukiiangusha sakafuni huioni. Akasema ni steroidi. "Mama, meza asubuhi ukishakula. Na usiache bila kuniambia." Nikaitikia. Mimi naitikia vizuri sana, muulizeni mume wangu.

Siku ya tatu niliamka, na kabla sijafungua macho nikasikia mkono umejikunja wenyewe. Ngumi! Nikafungua, nikafunga. Nikafungua, nikafunga. Mume wangu akaniuliza, "Unataka kupigana na nani mapema hivi?" Nikamwonyesha ngumi, machozi yananitoka. Nilienda zizini nikamkamua ng'ombe mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, baada ya miezi mingi.

Sasa sikilizeni jinsi moyo wa mtu ulivyo. Badala ya kupiga magoti nishukuru, nikaanza kuogopa. Nikajiambia, dawa gani hii inayokuja mbio hivi? Sisi tumezoea dawa ya kukaa nayo, unakunywa mpaka unazoea harufu yake. Hii imekuja siku tatu, kwa hivyo ni kali, na kilicho kali lazima kitachukua kitu kikienda. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijihubiria mwenyewe, nikajiitikia amina.

Miezi ikapita, naendelea kumeza. Hapo uso ukaanza kubadilika. Mashavu yakajaa, yakawa ya mviringo, mpaka macho yakarudi ndani. Tumbo likatangulia mbele. Mikono nayo ikakonda, na nikigonga mahali kidogo tu, ngozi inabaki na alama nyeusi. Njaa, msiniulize. Nilikuwa nakula obokima, ugali wetu, wa watu wawili na naangalia sahani ya wa tatu.

Siku ya soko nikapeleka ndizi zangu Keroka. Wa kwanza kuniona akapiga kofi: "Umenona! Mtoto amepata kazi ng'ambo nini?" Nikacheka. Wa pili, jirani yangu wa kabichi, akanivuta kando, "Mama, hizo tembe nazijua. Ndizo wanapewa kuku wa nyama wakue haraka." Nikarudi nyumbani nafikiria kuku. Wiki iliyofuata mwenzangu wa kwaya akaniambia, "Hizo ukizianza, huachi mpaka wakufukie." Na dada yangu, wa tumbo moja na mimi, alinitazama muda mrefu akasema, "Watu wanauliza kama ni ule ugonjwa usiotajwa jina." Kila mtu alinipa ukuni wake, na mimi nikafunga mzigo nikajitwika.

Mtaniuliza, si ungemuuliza daktari? Nilikuwa naenda kliniki kila mwezi! Nakaa kwenye benchi muda wa saa nne, naingia, ananiuliza, "Unaendeleaje, mama?" Nasema, "Vizuri, daktari." Basi. Naogopa nini? Niwaambie ukweli mbele za Mungu: niliona aibu. Mtu mzima kama mimi, nimuulize mtoto wa watu mambo ya mashavu? Aone napenda urembo? Kuuliza si ujinga, tuliimba hivyo shuleni, lakini mimi kuuliza kulinishinda.

Ndipo binti yangu, mwalimu, akatuletea habari kwamba amepata mtu. Kijana wa kwenu, ninyi wageni wetu, wa upande wa ziwa. Msicheke, bado hamjasikia. Siku ikapangwa wazazi wake waje nyumbani kutuona, Jumapili mchana. Na binti yangu alikuwa amewaonyesha picha yangu ya zamani, ile ya shingo ndefu na mashavu ya kawaida. Nilipojiangalia kwenye kioo nikasema, wataona ni mama gani huyu? Watasema msichana anatoka nyumba ya wagonjwa. Watarudi kwao waahirishe, na binti yangu atabaki na aibu kwa sababu yangu.

Hapa sasa ndipo ujinga wangu ulipovaa miwani ukajifanya elimu.

Nina ng'ombe wa gredi. Ninyi mnaofuga mnajua: ng'ombe akidungwa dawa, daktari wa mifugo anakuambia usiuze maziwa siku tatu, mwaga. Baada ya siku tatu dawa imetoka, ng'ombe ni safi. Nikapiga hesabu yangu pale zizini, mkono uko kwenye kiwele. Ikiwa mnyama mkubwa hivi husafika kwa siku tatu, mimi nikijipa siku tisa nitakuwa safi kabisa. Uso utashuka, wakwe watakuja, watanikuta mimi yule wa picha. Wakishaondoka naanza tena, na hakuna atakayejua. Nilijiona nina akili sana! Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuchukua tembe mpya hospitali. Nikaziweka kwenye mkebe wa kakao, nzima, sikufungua hata moja.

Siku mbili za kwanza nilijisikia mshindi. Siku ya nne nikawa nachoka, nikasema ni kazi ya kuandaa nyumba. Siku ya sita chakula kikanikataa, mimi wa obokima wa watu wawili, nikawa natapika nyuma ya jikoni nikifunika na majivu. Viungo vikaanza kuuma tena. Siku ya nane nikisimama, dunia inazunguka, lazima nishike mlango. Na uso? Uso haukushuka hata kidogo! Uko pale pale, mviringo, unaniangalia kwenye kioo. Mtu mwenye akili angejua hapo. Mimi nikasema, imebaki siku moja.

Jumapili wakaja. Magari mawili, yakaachwa juu barabarani kwa sababu njia yetu inashuka katikati ya majani chai, na mvua ilikuwa imenyesha. Mama wa kijana alikuwa mama mnene, mpole, kitambaa cha samawati kichwani. Tuliposalimiana akaushika mkono wangu, hakuuachia haraka. Akanitazama mashavu, akateremsha macho mpaka kwenye mikono, akarudi tena usoni. Jamani, nilikasirika! Nikasema moyoni, huyu hata hajakaa anatuhesabu kasoro. Nikauvuta mkono wangu.

Haya yanayofuata mengine niliyasikia na mengine niliambiwa. Jua lilikuwa linawaka lakini mimi nilikuwa nasikia baridi mpaka meno yanagongana. Nikabeba jagi na beseni ili wageni wanawe. Nilipofika kwa huyo mama, jagi likawa zito kama jiwe la kusagia. Naambiwa nilisema, "Karibu," halafu nikaenda chini pamoja na maji.

Vurugu! Mmoja anasema ni malaria imepanda kichwani. Mwingine anasema ni presha. Dada yangu anasema ni macho ya watu. Mimi nasikia sauti zao kwa mbali, ulimi hautaki kuinuka. Na kumbukeni, hapo ndani hakuna aliyejua siri yangu hata mmoja. Mume wangu alijua nina dawa, hakujua nimeacha. Ningekufa hapo, na kwenye mazishi wangesimama kusema alikuwa mzima, amepigwa na kitu cha ghafla. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kifo kilikuwa kimeshafika uani, kinatafuta kiti.

Huyo mama wa kitambaa cha samawati akapiga magoti kwenye maji yaliyomwagika. Akapandisha mkono wa gauni langu, akaona zile alama nyeusi. Akamuuliza binti yangu, "Mama anatumia steroidi?" Binti yangu, anayefundisha mbali na sikuwahi kumwambia, akasema, "Mama hatumii dawa yoyote." Akauliza tena kwa sauti kubwa, "Nani hapa analala nyumba moja na huyu mama?" Mume wangu akasema, "Kuna zile ndogo nyeupe. Humeza kila asubuhi." Akamwambia, "Baba, zilete."

Mkebe ukaletwa. Akaufungua, akatoa pakiti, akaitazama mbele na nyuma. Pakiti nzima, na tarehe yake imeandikwa juu. Akasema, "Hizi hajagusa. Siku tisa. Msipoteze wakati zahanati. Mpelekeni hospitali kubwa, na huu mkebe uende naye."

Alijuaje? Ndugu zangu, nawaambia, huyo mama ni mgonjwa wa kifua, ana pumu. Aliwahi kumeza tembe hizo hizo, akapata mashavu hayo hayo, akaziacha ghafla kwa maneno ya watu, na kwao walikuwa wameshaanza kuita jamaa. Aliponitazama pale mlangoni hakuwa anahesabu kasoro. Alikuwa ananitambua! Ule uso niliotaka kuufuta ndio uliozungumza wakati mdomo wangu umefungwa. Kama ungeshuka nilivyotaka, angenipita tu kama mama mwingine, na leo mngekuwa mnamsikiliza mtu mwingine hapa.

Sasa nipandishweje mpaka barabarani? Mume wangu mgongo ni mbovu, kaka zake ni wazee, na njia ni utelezi mtupu. Aliyekuwa na nguvu ni mmoja tu, kijana mwenyewe. Na mnajua kwetu, na kwenu pia: mkwe hamgusi mama mkwe. Hata mkono hatupeani. Nikimwona anakuja njiani napaswa nipindie kwenye majani chai mpaka apite. Kijana akavua koti, akainama, nikamsikia anasema polepole, "Mama, nisamehe." Akanibeba mgongoni. Akapanda kilima chote na viatu vyake vya posa, akianguka goti moja anainuka, mpaka gari. Shemeji yangu mkubwa alibaki nyuma anauliza mwiko huu tutausafisha kwa mbuzi gani. Mume wangu akamjibu, "Chagua mmoja kwa zizi lako." Na huwa hamjibu kaka yake hivyo.

Hospitalini presha yangu ilikuwa chini mpaka wakapima mara mbili kwa mashine mbili. Wakauona mkebe, hawakuuliza mengi. Sindano ya steroidi kwenye mshipa, na maji ya chumvi na sukari. Daktari aliniambia baadaye, bila huo mkebe wangeanza kutafuta malaria, na sikuwa na muda huo. Sasa sikieni. Chupa ya kwanza ya maji haijaisha, nikafungua macho. Nikaona kuta, nikamwona binti yangu amelala na kichwa kwenye kitanda changu. Na nikasikia njaa! Mtu aliyekuwa anaitwa na kaburi akaomba chai na mkate.

Kesho yake yule daktari msichana akaja, akakaa kitandani pangu. Sikudanganya tena. Nilimwambia yote, kuku, kwaya, kioo, ng'ombe. Kwa ng'ombe alicheka mpaka akafuta macho, halafu akanishika mkono akanieleza jambo ambalo bado sijamaliza kulishangaa.

Akasema, "Mama, juu ya kila figo yako kuna tezi ndogo, haizidi kipande cha kidole. Kila alfajiri, kabla hujaamka, hizo tezi mbili hutengeneza kitu kinachofanana na hizi tembe. Ndicho kinakuinua kitandani, ndicho kinashika presha yako na sukari yako. Ukiugua au ukiumia, zinaongeza. Watu waliotengeneza tembe walikuwa wanaiga kilichoko ndani yako. Sasa ukimeza miezi mingi, tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Hazijafa, zimelala. Ulipoacha ghafla, tembe hakuna na tezi ziko usingizini. Ng'ombe wako anasubiri dawa itoke. Wewe ulihitaji tezi ziamke, na hizo haziamshwi kwa siku tisa."

Nilimwomba arudie polepole, nikasikiliza bila kumkatiza. Wanaonijua wanajua huo nao ni muujiza.

Nimeimba kwaya tangu nikiwa msichana. Nimemshukuru Mungu kwa mvua, kwa majani chai, kwa watoto, hata kwa ng'ombe. Na wakati huo wote vitu viwili vidogo vinaamka kabla yangu kila siku, vinaniwashia mwili, havijawahi kudai hata shukrani, na mimi sikujua vipo! Nani aliviweka hapo? Nani aliviambia saa ya alfajiri? Na binadamu, huyu wa mavumbi, akapewa akili ya kuchungulia humo ndani na kuiga, akaweka kwenye tembe ambayo ukiiangusha huioni. Nililala kwenye kile kitanda nimeweka mikono mgongoni, hapa, juu ya figo, nikalia kwa mshangao tu. Hata sasa nikisema, mwaona mikono imerudi pale pale mgongoni.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo ni kweli haziachiki?" Akasema, "Zinaachika, wengine kabisa, wengine wanabaki na kidogo. Tunapunguza polepole, tezi ziamke zenyewe. Na uso hurudi dozi ikishuka." Uso hurudi! Jibu la maneno mawili, la swali nililoogopa kuliuliza miezi yote hiyo, nikataka kulifia. Naye akasema, "Na mimi nilikosea. Nilikuambia usiache, sikukuambia kwa nini."

Sisemi tembe hizi ni sukari. Zina mambo yake, na aliyeambiwa zinanenepesha hakudanganywa. Mifupa inataka kuangaliwa, sukari inataka kupimwa. Lakini mambo hayo yana mtu wa kuambiwa, na si soko la Keroka. Tulipunguza kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Juzi walinipima damu asubuhi na mapema, na daktari akaniita akiwa anatabasamu: "Mama, zimeanza kuamka." Nilipiga vigelegele kwenye kliniki mpaka askari wa mlangoni akaja kuuliza.

Namshukuru mume wangu aliyeleta mkebe bila kuuliza maswali. Nawashukuru wanawake wenzangu waliochuma majani yangu nilipolala. Namshukuru daktari aliyekaa kitandani. Mkwe wangu, sitakutazama ulipo, heshima ni heshima, lakini mgongo wako ninauombea kila siku. Na wewe mama mwenzangu, uliyepiga magoti kwenye maji machafu kwa ajili ya mtu aliyekunyang'anya mkono, mkono wenyewe huu hapa. Sitauvuta tena.

Somo langu ni dogo. Ukitaka kuacha dawa, usiache kimya kimya. Sema kwanza, hata kama swali ni la aibu, hata kama ni la mashavu.

Nilikuwa nimalizie hapo. Lakini leo asubuhi, kabla ya ibada, mtu mmoja aliniambia nje kwamba yuko mwenzetu humu ndani ambaye ameacha tembe zake tangu Jumatano, kwa ajili ya harusi, na tangu jana anatapika. Sikuambiwa jina, na sitaki kuambiwa. Mwimbishaji, naomba uanze wimbo, na watu wote wasimame. Mimi nitatoka sasa nikae pale mlango wa nyuma. Gari la mume wangu liko nje na limeelekea barabarani. Wakati wote wanaimba, hakuna atakayeona nani ametoka. Usingoje wimbo uishe, mpenzi. Toka ubeti wa kwanza.